Kuinama nyuzi 55: rufaa za asilimia za ulemavu kwa maveterani wa Marekani wenye mgongo na miguu mibovu

Mpimaji anafungua mlango, anatoa mkono, anauliza hali. Askari wetu, mtoto aliyelelewa vizuri, anajibu kwa Kiingereza kile ambacho nyumbani angekisema "sijambo, nashukuru." Mpimaji anaandika. Kisha anamwambia ainame mbele taratibu mpaka pale anapoweza kufika. Askari anainama, anauma meno, vidole vinakaribia magoti, anaganda hapo. Mpimaji anamwekea ubavuni rula ya plastiki yenye mikono miwili, ile ya kupimia pembe. Nyuzi 55. Arudie mara tatu. Nyuzi 55. Ageuke kulia, ageuke kushoto, alale chali, mguu uinuliwe. Dakika ishirini, asante sana, kwaheri.

Miezi michache baadaye barua inafika: mgongo, asilimia 20. Miguu haikutajwa popote.

Huyu askari ni mfano niliouunda, kwa hiyo asitafutwe. Tumwite Sajenti. Lakini watu wa namna yake wapo. Wapo Waswahili walioingia jeshi la Marekani wakiwa na kadi ya ukaazi mkononi, na wapo walioingia kupitia MAVNI, mpango ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009 na kuchukua wahamiaji waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa kwenye orodha. Sajenti wetu alikuwa dereva wa malori makubwa. Siku moja mazoezini aliruka kutoka nyuma ya lori akiwa na mzigo wake wote mgongoni, kisigino kikateleza, akaangukia kiuno. Alimeza vidonge, akapewa siku tatu za kazi nyepesi, akarudi kazini. Leo ametoka jeshini, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kuinua watu vitandani kutwa nzima, na diski ya chini ya uti wa mgongo imebonyea nje na kugusa neva. Usiku mguu wa kushoto unawaka moto kutoka kwenye tako hadi unyayoni.

Swali lake ni lile lile la wengi: nikate rufaa? Na kama nikikata, nianzie wapi?

Asilimia maana yake nini

Idara ya Maveterani ya Marekani, ambayo kila mtu anaiita VA, hailipi maumivu. Inalipa upungufu wa uwezo wa kujipatia riziki, kama unavyokadiriwa na jedwali la kanuni lililomo katika Sura ya 38 ya kanuni za serikali kuu, sehemu ya 4. Kila ulemavu una namba yake ya utambulisho na ngazi zake za asilimia. Ngazi hizo hujumlishwa kwa namna ya ajabu nitakayoieleza, na matokeo yake hukadiriwa kwa makumi: 10, 20, 30, mpaka 100.

Fedha yake haikatwi kodi. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2024, askari asiye na mke wala mtoto alilipwa dola 346.95 kwa mwezi akiwa na asilimia 20, na dola 1,102.04 akiwa na asilimia 50. Kuanzia asilimia 30 huongezwa kitu kwa ajili ya mwenzi, watoto na hata wazazi wanaomtegemea. Ndiyo maana ngazi moja tu ya kumi inaweza kuwa ada ya shule.

Kabla ya asilimia, lazima VA ikubali kwamba ulemavu unatokana na utumishi. Hapo panatakiwa vitu vitatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio lililotokea jeshini, na daktari anayeviunganisha hivyo viwili. Kipimo cha kuunganisha si cha mahakama ya jinai. Inatosha daktari aseme kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi, na mizani ya ushahidi ikilingana, sheria inataka iangukie upande wa askari. Sajenti alishapita hapa. VA imekubali mgongo wake uliumia jeshini, na kile kilichokubaliwa hivyo hakiondolewi kirahisi katika rufaa. Ugomvi wake ni juu ya kiasi, na juu ya miguu.

Mgongo unapimwa kwa rula

Tangu Septemba 2003 jedwali la uti wa mgongo linategemea zaidi jambo moja: unainama mbele kiasi gani. Mgongo mzima wa kawaida unainama nyuzi 90. Ukifika zaidi ya 60 lakini usipite 85, unapata asilimia 10. Zaidi ya 30 lakini usipite 60, asilimia 20. Ukikwama kwenye 30 au chini yake, asilimia 40. Juu ya hapo, kwa asilimia 50 na 100, unahitaji pingili zilizoganda kabisa katika mkao mbaya, jambo ambalo ni nadra. Asilimia 20 pia inapatikana ikiwa misuli inakaza kiasi cha kukufanya uchechemee au uti wa mgongo kupinda, hata kama unainama vizuri.

Kwa hiyo barua ya Sajenti haikukosea hesabu. Nyuzi 55 ni asilimia 20, hakuna ubishi. Watu wengi hukata rufaa hapa kwa kuandika "naumwa sana kuliko asilimia 20," na hushindwa, kwa sababu afisa anayesoma faili hana safu ya "naumwa sana." Ana safu ya nyuzi.

Kosa lililomo kwenye faili la Sajenti limejificha mahali pengine: rula ilipima siku nzuri. Mgongo wenye diski mbovu una siku zake za kuchachamaa, siku ambazo mtu anatoka kitandani kwa kujiviringisha ubavu na kushika ukuta. Mahakama za maveterani zimelisema hili mara nyingi. Katika kesi ya DeLuca v. Brown ya mwaka 1995 iliamuliwa kwamba mpimaji hawezi kuishia kwenye nyuzi tu. Lazima aangalie pia uwezo unaopotea kwa sababu ya maumivu, udhaifu, uchovu na siku za kuchachamaa. Mwaka 2016, kesi ya Correia v. McDonald ilidai kiungo kipimwe kikibeba uzito na kisipobeba, kikijongeshwa na mwenyewe na kikijongeshwa na mpimaji. Na mwaka 2017, Sharp v. Shulkin ikafunga mlango ambao wapimaji wengi walikuwa wanatorokea: hairuhusiwi kuandika tu kwamba "siwezi kukadiria kwa sababu leo hana maumivu makali." Mpimaji anatakiwa amuulize askari siku hizo zikoje, zinakuja mara ngapi, zinadumu muda gani, zinamzuia nini, kisha akadirie nyuzi anazopoteza kutokana na majibu hayo na faili zima.

Sajenti akiomba nakala ya ripoti ya kipimo chake, na hii ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kugusa fomu yoyote, anaikuta sentensi ile ile: haiwezekani kukadiria bila kubahatisha. Hapo ndipo penye rufaa yake. Hoja si kwamba anaumwa zaidi ya asilimia 20. Hoja ni kwamba kipimo hakikukamilika, na siku mbaya zake zikikadiriwa chini ya nyuzi 30 anastahili 40.

Kuna njia nyingine ya kupima diski, kwa wiki za kulazwa kitandani ndani ya miezi 12: wiki mbili hadi nne ni asilimia 20, nne hadi sita ni 40, zaidi ya hapo ni 60. Inavutia kwenye karatasi. Lakini mapumziko hayo lazima yawe yameamriwa na daktari na yakatibiwa na daktari. Sisi ambao mgongo ukikaza tunajifunga mkanda, tunasuguliwa dawa ya kuchua na kulala sakafuni siku nne bila kumwambia mtu, siku hizo nne hazipo duniani.

Miguu iliyosahauliwa

Sasa tuje kwenye miguu, maana hapa ndipo fedha nyingi hubaki mezani. Jedwali la uti wa mgongo lina maelezo chini yake yanayosema kwamba madhara ya neva yanayotokana na mgongo yakadiriwe peke yake, yakiwemo hata matatizo ya haja ndogo na haja kubwa. Yaani moto unaoteremka mguuni si sehemu ya asilimia 20 ya mgongo. Ni ulemavu wake wenyewe, na kila mguu una hesabu yake.

Neva kubwa ya nyuma ya paja, ile ya siatika, ina ngazi tano: asilimia 10 ikiwa athari ni ndogo, 20 ya wastani, 40 ya wastani uliozidi, 60 kali huku misuli imesinyaa waziwazi, na 80 ikiwa imekufa kabisa na unyayo unaning'inia. Kama dalili ni za hisia tu, yaani ganzi, kuchomachoma na moto bila udhaifu wa misuli, kanuni inaishia kwenye ndogo au sana sana wastani. Kwa hiyo anayepoteza nguvu za kidole gumba cha mguu, au anayejikwaa kwa sababu unyayo hauinuki, asinyamaze. Hiyo ni tofauti ya ngazi nzima, na inaonekana kwenye kipimo cha umeme wa neva.

Goti lina mambo yake. Kukunja kunapimwa peke yake: ukiishia nyuzi 45 ni asilimia 10, 30 ni 20, 15 ni 30. Kunyoosha kunapimwa peke yake: goti likikataa kunyooka kwa nyuzi 10 za mwisho ni asilimia 10, 15 ni 20, 20 ni 30. Na goti linaloteguka au kulegea lina asilimia yake pia, kando ya hizo. Goti moja linaweza kubeba zaidi ya ukadiriaji mmoja, mradi dalili moja isilipwe mara mbili. Hata goti linalojongea vizuri lakini kwa maumivu linastahili angalau ngazi ya chini kabisa inayolipwa, kwa kifungu cha 4.59 ambacho kila mwenye kiungo kibovu angefaa kukijua kwa namba. Mwaka 2018, katika Saunders v. Wilkie, mahakama ya rufaa ya serikali kuu iitwayo Federal Circuit ilikubali kwamba maumivu yanayopunguza uwezo wa mwili yanaweza kuwa ulemavu yenyewe, hata daktari asipokuta ugonjwa wa kuyapa jina. Upo pia ukomo: kwa kiungo kimoja hulipwi zaidi ya ambavyo ungelipwa kama kingekatwa. Chini ya goti, ukomo huo ni asilimia 40.

Mara nyingi mambo huenda kinyume, mguu ukazaa mgongo. Aliyevunjika kifundo cha mguu akachechemea miaka kumi, kiuno chake kinaweza kuharibika kwa mwendo huo. Mgongo huo unadaiwa kama ulemavu wa pili uliozaliwa na wa kwanza, hata kama jeshini hakuwahi kulalamikia mgongo siku moja. Kinachotakiwa ni daktari aandike hivyo na kutoa sababu.

Turudi kwa Sajenti na hesabu yake. Tuseme VA inakubali mguu wa kushoto asilimia 20, wa kulia 10, na mgongo unabaki pale pale 20. VA haijumlishi kama mama wa sokoni. Inamchukua mtu kama mzima wa 100, kila ulemavu unakula sehemu ya kile kilichobaki. Mguu wa kushoto unakula 20, zinabaki 80. Wa kulia unakula asilimia 10 ya 80, yaani 8. Jumla 28. Lakini kwa kuwa ni miguu yote miwili, kanuni inaongeza sehemu ya kumi ya hiyo jumla, 2.8, kwa hoja kwamba mtu mwenye mguu mmoja mbovu huegemea ule mwingine, na huyu hana wa kuegemea. Inakuwa 30.8, inakadiriwa 31. Zinabaki 69. Mgongo unakula asilimia 20 ya 69, ambayo ni 13.8. Jumla 44.8, inakuwa 45, na tano ya mwisho hupandishwa: asilimia 50.

Bila ile nyongeza ya miguu miwili, hesabu hiyo hiyo ingetoa 42, ikashushwa kuwa 40. Kwa viwango vile nilivyotaja, tofauti ni dola 327.88 kila mwezi. Nimeona watu wanaokagua risiti ya dukani mstari kwa mstari lakini hawajawahi kuikagua hesabu hii kwenye barua yao ya uamuzi.

Jambo la kutazama ni hili: Sajenti ametoka 20 hadi 50 bila mgongo wake kuongezwa hata nukta moja.

Milango mitatu

Sheria ya sasa ya rufaa ilipitishwa 2017 na kuanza kazi tarehe 19 Februari 2019. Mfumo wa zamani ulikuwa njia moja ndefu ambayo watu walizeekea ndani yake. Sasa kuna milango mitatu, na una mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyo kwenye barua kuchagua. Watu huulizana upi una bahati. Hakuna wenye bahati. Cha kujiuliza ni kimoja: kosa liko ndani ya faili, au kuna kitu hakimo kwenye faili?

Kama kosa limo ndani, mlango ni mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996. Afisa mwenye uzoefu zaidi analisoma faili upya. Huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Unaruhusiwa kuomba mazungumzo mafupi ya simu naye, na ushauri wangu ni uyaombe, kisha useme mambo mawili tu na kurasa zake: "Ripoti ya kipimo imekataa kukadiria siku za kuchachamaa, kinyume na Sharp. Na kumbukumbu za kliniki zinaonyesha ganzi ya mguu ambayo haikukadiriwa." Usisimulie maisha. Afisa akiona kwamba idara ilishindwa wajibu wake wa kusaidia, faili linarudishwa na kipimo kipya kinaagizwa.

Kama kitu hakimo, mlango ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, lenye ushahidi mpya unaohusu jambo lenyewe. Kwa Sajenti, iwapo hakuwahi kumwambia daktari yeyote habari za mguu, huu ndio mlango wake: akapime neva, apate barua ya daktari, alete mashahidi. Kumpeleka afisa wa ngazi ya juu faili lisilo na neno "mguu" ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mlango wa tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, mbele ya jaji. Hapo napo unachagua: jaji asome faili kama lilivyo, au uongeze ushahidi ndani ya siku 90, au upate kusikilizwa ana kwa ana ama kwa video. Ni njia ya polepole, hasa ya kusikilizwa. Inafaa pale ubishi ni wa tafsiri ya sheria, au pale madaktari wawili wanapingana na unataka jaji awapime. Ukishindwa Bodini, una siku 120 kwenda Mahakama ya Marekani ya Rufaa za Madai ya Maveterani, iliyoundwa 1988, na kule mtu aende na wakili.

Milango hii haifungani. Ukitoka wa mapitio mikono mitupu, unaweza kuingia wa dai la nyongeza. Ukiendelea kubisha bila kuacha mwaka upite kati ya uamuzi na hatua inayofuata, unailinda tarehe yako ya awali ya kulipwa. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ukishinda mwaka wa tatu, malimbikizo yanarudi nyuma mpaka ile tarehe. Ukiacha mwaka ukakatika, unaanza upya kama mgeni. Na anayefikiria tu kudai, hajakusanya kitu, anaweza kuwasilisha tamko la nia, fomu 21-0966. Linamshikia tarehe kwa mwaka mzima, kama mtu anavyoweka kanga kwenye kiti harusini.

Sijambo inayogharimu

Rufaa nyingi za mgongo na miguu zinaishia kwenye chumba kile kile cha mwanzo, na mpimaji mwingine, na rula. Na hapa, watu wa kwetu, tuambizane ukweli. Tumelelewa kuficha. Mgonjwa wodini akiulizwa hali anasema "sijambo kidogo." Jeshi nalo lilituongezea: anayelalamika ni mvivu. Ukiunganisha malezi hayo mawili unapata mtu anayeinama mpaka machozi yamtoke ili asionekane mdhaifu, kisha anashangaa asilimia 10. Wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Kutoficha si kuigiza. Wapimaji wanaona watu kila siku. Anayekataa kuinama kabisa kisha akaokota funguo zake sakafuni anaandikwa, na neno hilo halifutiki. Kinachotakiwa ni maneno yenye vipimo. Badala ya "mgongo unanisumbua," sema: "Maumivu yanaanza nikifika hapa, naweza kulazimisha mpaka hapa. Mara mbili au tatu kwa mwezi unachachamaa, siku mbili hadi nne. Siku hizo siwezi kujifunga kamba za viatu. Naweza kusimama dakika kumi. Mwezi uliopita nilikosa zamu mbili." Kama daktari alikupa fimbo au mkanda, nenda navyo, kwa sababu ndivyo unavyoishi. Kama unahitaji kidonge asubuhi ili uweze kukaa kwenye gari, kimeze na useme umekimeza. Na usikose miadi: kwa dai la kuongezewa asilimia, kukosa kipimo bila sababu ya maana kunaweza kulizika dai moja kwa moja.

Yale mpimaji asiyoyaona yaandikwe na wanaoyaona. Fomu 21-10210 ni ya mashahidi wa kawaida, wasio madaktari. Askari mwenzako aliyekuona ukianguka. Msimamizi wa kazini anayekubadilishia zamu. Mke, zaidi ya wote. Barua ya mke isiseme "mume wangu anateseka sana." Iseme kwamba tangu mwaka juzi yeye ndiye anayemvalisha soksi asubuhi za baridi, kwamba mume ameacha kulala kitandani siku nyingine na kuhamia kiti cha sebuleni, kwamba kwenye safari ya saa nne wanasimama mara tano. Mtu wa kawaida hana mamlaka ya kusema diski imegusa neva. Ana mamlaka kamili ya kusema alichokiona.

Barua ya daktari nayo ina mtego. Ile inayosema "huenda inahusiana na utumishi" haina thamani. Inayosema "kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu," halafu ikakaa kimya, ina thamani ndogo. Yenye nguvu inaonyesha kwamba daktari amesoma faili, inataja anguko na tarehe yake, inaeleza jinsi kuanguka kwa namna ile kunavyochosha diski miaka ikipita, na inajibu hoja ya upande wa pili, kwa mfano kwamba ni uzee tu.

Anayeshindwa kazi, na wanaokula jasho lake

Tuseme kipimo kipya kinamkuta Sajenti kwenye nyuzi 30 siku zake mbaya, mgongo unapanda hadi 40. Ukiuchanganya na 31 ya miguu unapata 59, inakuwa 60. Hapo mlango mwingine unafunguka. Mtu ambaye ulemavu wake wa utumishi unamzuia kushika kazi ya kumlisha anaweza kulipwa kiwango cha asilimia 100 bila kufikia 100, kwa fomu 21-8940. Sharti la kawaida ni ulemavu mmoja wa 60, au jumla ya 70 huku mmoja ukifika 40. Sajenti ana ulemavu mara tatu, lakini kanuni inahesabu madhara yenye chanzo kimoja kama ulemavu mmoja. Mgongo na neva zake mbili zimetoka kwenye anguko lile lile la lori. Ile 60 yake, basi, ni ya ulemavu mmoja. Wanaokosa fidia hii mara nyingi hawakuambiwa kifungu hiki.

Msaada upo wa bure. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa na VA ambao hawalipwi senti na askari. Wakili aliyeidhinishwa haruhusiwi kutoza chochote kwa dai la kwanza. Anaruhusiwa baada ya uamuzi wa kwanza, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo inayohesabiwa ya haki bila maswali. Nje ya hao wamejaa madalali. Wanapiga simu, wanaahidi asilimia 100, wanataka malipo ya miezi kadhaa ya nyongeza yako. Swali la kumuuliza ni moja: umeidhinishwa na VA? Orodha ya walioidhinishwa iko wazi kwa kila mtu, na jina lake lisipokuwemo, kata simu.

Anayewaza kurudi nyumbani, Mombasa au Moshi au kwingineko, fidia hii inamfuata. Hailipwi kwa sababu unaishi Marekani. Matibabu ya ulemavu uliokubaliwa yanaweza pia kugharamiwa nje ya nchi kupitia mpango wa VA wa matibabu ya ng'ambo, kwa kujiandikisha na kutuma risiti. Ila kama rufaa bado inaendelea, andikia VA anwani mpya kabla ya kupanda ndege. Barua ya kuitwa kwenye kipimo ikitumwa nyumba uliyohama, kwenye faili itasomeka kwamba uliitwa na hukutokea.